Fupisha hiyo posti! Mpaka wa herufi ulikuwa rafiki yako

Fungua simu yako sasa hivi uangalie kundi lolote la WhatsApp: la familia, la ploti, la chama, au la wale mliomaliza nao Form Four. Lazima kuna ujumbe mmoja mrefu ulioandikwa "soma zaidi" pale chini. Uliubonyeza? Kama wewe ni kama wasee wengi ninaowajua, uliupita mbio ukitumaini kuna mtu atakueleza baadaye ulikuwa unasema nini. Halafu kumbe katikati, mstari wa kumi na nane hivi, kulikuwa na habari kwamba maji yatakatwa kesho asubuhi.

Aliyeandika alikuwa na la kusema, tena la maana. Shida ni kwamba hakuna kitu kilichomzuia kutanguliza salamu za aya mbili, historia ya bomba, lawama kwa wapangaji wa ghorofa ya tatu na maombi ya kufunga. Wewe sasa unaamka kesho, unafungua mfereji, unasikia upepo tu.

Ndiyo maana leo nataka kuutetea ule mpaka mkali wa herufi tuliokuwa tunaulalamikia, ule wa SMS wa herufi 160 na ule wa Twitter wa 140. Hoja yangu ni moja tu. Katika kila ujumbe kuna kazi ya kuchambua lipi ni la maana na lipi ni la kujaza. Kazi hiyo haiepukiki, lazima mtu aifanye. Mpaka ukiwepo, anaifanya mwandishi, mara moja, kabla ya kubonyeza "tuma". Usipokuwepo, wanaifanya wasomaji mia mbili, kila mtu kivyake, na wengi wao hawaifanyi kabisa.

Hizi 160 zilitoka wapi?

Watu hudhani nambari hii iliokotwa tu. Hapana. Mwaka 1985, huko Bonn, Ujerumani, mhandisi anayeitwa Friedhelm Hillebrand aliketi na taipureta yake akaanza kuandika sentensi na maswali ya kawaida, yale ambayo mtu anaweza kumwandikia mwenzake. Kila alipomaliza, alihesabu herufi, nambari, alama na nafasi. Karibu zote hazikufika 160. Yeye na wenzake wakalinganisha na vitu ambavyo watu tayari walikuwa wanaandikiana kwa ufupi, kama postikadi na teleksi. Wakaona hiyo nafasi inatosha.

Upande wa mitambo nao ulikuwa umebana. SMS ilipenyezwa kwenye njia ndogo ambayo simu na mnara hutumia kusalimiana, na njia hiyo ilibeba biti 1,120 tu kwa ujumbe mmoja. Kila herufi ikichukua biti 7, hesabu inakupa 160. Na ukitaka kujua kwa nini SMS yako wakati mwingine inakatwa vipande viwili hata kama ni fupi, laumu emoji. Ukiweka emoji moja tu, simu inabadilisha mfumo wa kuandika, kila herufi inachukua biti 16, na nafasi yako inashuka hadi herufi 70. Kile kicheko chenye machozi kinakugharimu zaidi ya nusu ya ujumbe!

SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Twitter ilipokuja mwaka 2006, ilitaka kila posti iingie kwenye SMS moja. Ikaweka herufi 20 kando kwa ajili ya jina la mtumiaji, zikabaki 140. Usisahau hilo, kwa sababu ndilo lililofanya maajabu hapa kwetu, kule Nakuru.

Chifu aliyetwiti saa kumi usiku

Huenda ulikuwa shule ya msingi wakati huo, lakini mwaka 2012 jina la Francis Kariuki lilizunguka dunia nzima. Alikuwa chifu wa Lanet Umoja, karibu na mji wa Nakuru, na alikuwa anafanya kazi yake kwa Twitter. Ng'ombe au kondoo akipotea, chifu anatwiti. Kuna mkutano, anatwiti. Usiku mmoja, mwendo wa saa kumi, alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akatuma ujumbe. Baada ya dakika chache majirani walikuwa wamejaa nje ya nyumba ile, na wezi wakatoroka.

Sasa fikiria. Wakazi wengi wa kule hawakuwa na simu za intaneti. Walikuwa na mulika mwizi. Lakini kwa kuwa twiti iliingia kwenye SMS bila kukatwa, ujumbe wa chifu uliwafikia wote, mwenye simu ya elfu thelathini na mwenye kabambe ya elfu moja. Mpaka ule ndio uliokuwa daraja.

Na fikiria pia alichokuwa anakiandika. Saa kumi usiku huna nafasi ya "Natumai ujumbe huu utawapata mkiwa buheri wa afya". Unahitaji vitu vitatu: kuna nini, wapi, na watu wafanye nini. Aliyeamshwa na mlio wa simu anasoma mara moja, anavaa viatu, anatoka. Angepewa nafasi ya maneno elfu, huenda chifu bado angeandika vizuri, kwa sababu alikuwa mtu makini. Lakini si kila mtu ni chifu Kariuki. Sisi wengine tunahitaji kubanwa.

Hii si mambo ya Wazungu

Kabla hujaniambia kwamba haya ni mambo ya Silicon Valley, rudi kwenye Kiswahili chenyewe. Unakumbuka mizani? Mwalimu anakupiga na shairi la tarbia ubaoni: mishororo minne kila ubeti, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani nane. Jumla mizani 64 kwa ubeti. Na vina navyo vinakungoja pale mwisho wa kipande kama kondakta anayedai nauli. Washairi wamelia, wameposa, wamesutana na kuikosoa serikali ndani ya hivyo visanduku kwa karne nyingi. Hakuna aliyewaonea huruma, na kazi zao bado tunazisoma.

Nenda Pwani uangalie leso. Sentensi moja tu pale chini, na mtaa mzima unajua nani anamsema nani. Waulize babu na nyanya kuhusu telegramu: posta ilikuwa inatoza kwa neno, kwa hivyo habari ya msiba au ya mtoto kuzaliwa ilibanwa hadi ikabaki mfupa mtupu. Kila aliyepokea alielewa apande basi la siku gani.

Mimi chuo nilikiachia njiani, lakini kitu kimoja cha shule kinachonilipa hadi leo ni ufupisho wa Karatasi ya Pili ya Kiswahili, KCSE. Unapewa kifungu kirefu, unaambiwa utoe hoja kwa maneno 60 au 70. Tuliuchukia! Lakini ule ndio mtihani ambao maisha yanakupa kila siku: kumwandikia mwajiri, mteja, mwenye ploti, au ex.

Tena Kiswahili kimezaliwa kwa kazi hii. Chukua neno "hawajanilipa". Herufi 12 tu, na ndani yake umeshataja wadeni, umekana, umesema bado unangoja, umejitaja wewe na umetaja pesa. Kwa Kiingereza ungehitaji maneno matano au sita. "Nitakupigia" ni herufi 11, na ni ahadi kamili, hata kama tunajua wewe hupigi.

Mkate ulipoingia kwenye sentensi moja

Kama unataka kuona ufupi unaweza kufanya nini wakati mambo ni mazito, kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa waraka mrefu wa lugha ya mawakili. Nani kwenye mathree ya saa kumi na mbili asubuhi angeusoma wote? Lakini vijana waliugawa vipande vipande mitandaoni, kifungu kimoja kwa posti moja. Mkate kutozwa VAT ya asilimia 16. Gari kutozwa ushuru wa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Wengine walifafanua kwa lugha za mama ili wazazi kijijini wapate kuelewa. Kila posti ilikuwa na kitu kimoja tu cha kushika mkononi.

Unajua kilichofuata. Watu walijaa barabarani, Juni 25 waandamanaji waliingia Bunge, na kuna vijana ambao hawakurudi nyumbani siku ile. Siku iliyofuata Rais William Ruto akasema hatautia saini mswada huo. Sisemi posti fupi ndizo zilizofanya hayo yote, maana waliofanya ni watu. Ninachosema ni kwamba mama mboga alijua anachokipinga ni kipi, kwa sababu kuna mtu aliketi chini akafanya ile kazi ya kuchambua kwa niaba yake.

Kuna faida nyingine hapo ambayo watu hawaitaji. Dai moja lililosimama peke yake ni rahisi kulikagua. Ukisema mkate utatozwa asilimia 16, nitafungua mswada nitafute mkate. Nikikuta si kweli, nakuumbua hapo hapo. Lakini ukiniletea maandishi ya skrini tano, yenye ukweli kumi na uongo mmoja uliojificha katikati kama jiwe kwenye mchele, jino langu litalijua jiwe hilo nikiwa nimeshameza nusu ya sahani.

Siku urefu ulipoanza kuuzwa

Novemba 2017 Twitter iliongeza mpaka kutoka 140 hadi 280. Sababu yao ilikuwa ya lugha. Walisema asilimia 9 ya posti za Kiingereza zilikuwa zinagonga ukuta wa 140, ilhali za Kijapani ni asilimia 0.4 tu, kwa kuwa alama moja ya Kijapani inaweza kubeba neno zima au kipande kikubwa cha neno. Kwa hivyo Kijapani, Kichina na Kikorea vikabaki na 140, sisi wengine tukaongezewa chumba.

Sasa sikia kilichotokea. Mwaka mmoja baadaye, kampuni hiyo ilisema ni asilimia 1 tu ya posti zilizofika 280, na posti nyingi zilikuwa bado fupi sana. Watu waliongezewa chumba lakini wakaendelea kulala kwenye kitanda kile kile. Miaka 11 ya kubanwa ilikuwa imewajengea mazoea. Hiyo inanionyesha kwamba mpaka mzuri unakufundisha, na somo linabaki hata ukuta ukibomolewa.

Kisha Elon Musk akainunua mwaka 2022. Kufikia katikati ya mwaka 2023, aliyelipia tiki aliweza kuposti hadi herufi 25,000. Asiyelipa akabaki na 280. Ona kilichobadilika hapo. Zamani rais wa nchi na fundi wa viatu pale Kariobangi walikuwa na nafasi sawasawa, herufi kwa herufi. Ukimjibu waziri, alikuwa hana uwanja mkubwa kuliko wako wa kujitetea. Ndivyo wakenya mitandaoni walivyoweza kuitoa jasho CNN mwaka 2012 na tena 2015 kwa heshitegi ya #SomeoneTellCNN: shirika kubwa la habari la Marekani upande mmoja, na huku msee na bundles zake za shilingi ishirini, wote kwenye kiwanja cha ukubwa mmoja. Leo urefu ni bidhaa. Mwenye pesa ana mdomo mrefu.

Lakini si ufupi pia unaumiza?

Najua unachotaka kuniambia, na una haki. Matusi nayo ni mafupi. Uongo mfupi hukimbia kuliko ukweli mrefu. Na kuna mambo ambayo hayastahili kubanwa: mtu anayeeleza jinsi alivyopambana na msongo wa mawazo, familia inayodai haki kwa ndugu yao, au mtu anayeomba msamaha wa kweli. Hayo yape nafasi. Yaandike kama makala, video au barua, na posti iwe mlango wa kuingilia. Mpaka wa mlango hauzuii nyumba kuwa kubwa.

La pili ni adabu. Kwetu, kumwandikia mtu mzima bila salamu ni kama kuingia kwake bila kubisha hodi. Na hata takwimu za Twitter zinakuunga mkono: baada ya kuongeza nafasi, walisema "tafadhali" ya Kiingereza iliongezeka kwa asilimia 54 na "asante" kwa asilimia 22. Kwa hivyo ni kweli, mpaka ulikuwa unakata adabu kidogo.

Lakini angalia maneno yenyewe. "Tafadhali" ni herufi tisa. "Asante" ni sita. "Habari, shangazi" haifiki hata ishirini. Heshima haikuwahi kuwa tatizo la urefu. Kinachojaza skrini ni "kwa unyenyekevu mkubwa na taadhima napenda kuchukua fursa hii adhimu", na hiyo si heshima, ni kusafisha koo. Anayekuheshimu kweli anakuambia haraka kwa nini amekuita.

Jiwekee mpaka wako

Kwa kuwa mitandao haitubani tena, inabidi ujibane mwenyewe. Na hapa kuna pesa, kuna kazi, na wakati mwingine kuna maisha.

Anza na biashara. Kila siku naona posti ya namna hii: "Habari zenu wapendwa, natumai mko salama, nashukuru Mungu kwa siku nyingine, tumewaletea tena viatu vikali sana kwa bei ya kutupa, quality haina mjadala, karibuni nyote, bei inboksi." Hiyo ni pumzi ndefu kabisa, na bado sijui saizi, bei, wala uko wapi. Jaribu hivi: "Raba nyeupe za mtumba, saizi 38 hadi 42. Sh1,200. Niko Gikomba. Nakutumia popote Nairobi kwa Sh200. Nipigie." Nimehesabu, ni herufi 108, nafasi zikiwemo. Mteja ameshajua kila kitu akiwa bado kwenye steji. Na tafadhali, hii tabia ya "bei inboksi" ife. Unamfanya mtu mwenye mia mbili mfukoni akuandikie, umjibu, kisha akae kimya. Nyote mmepoteza asubuhi.

Kazi nayo hivyo hivyo. Mwajiri anayepokea jumbe mia kwa siku anasoma mstari wa kwanza tu. Mstari huo useme unajua kufanya nini na umewahi kukifanya wapi. Hadithi ya utotoni mtaisimulia mkishakunywa chai.

Sasa njoo kwenye lile zito. Mtu anatafuta damu ya mgonjwa. Anaandika kwa uchungu, aya tano, jinsi mgonjwa alivyo mtu wa watu, jinsi madaktari walivyosema. Mwishoni "tafadhali share". Watu wanashea kwa mamia. Lakini kundi la damu halijatajwa, hospitali haijatajwa, tarehe haipo. Mwenye damu inayofaa, anayekaa kilomita mbili tu kutoka pale, anaipita. Na kwa sababu hakuna tarehe, posti inazunguka hata baada ya miezi mitatu, wakati mgonjwa ameshapona au ameshazikwa, na familia bado inapigiwa simu.

Chini ya uchungu ndipo akili inapokosa nguvu ya kuchambua, kwa hivyo weka kanuni hii kichwani kabla hujaihitaji. Ujumbe wa dharura una vitu vitano: nini, wapi, lini, nambari ya simu, na msomaji afanye nini. Kwa mfano: "Damu O hasi inahitajika leo Jumanne kabla ya saa kumi jioni", kisha jina la hospitali, wodi na nambari. Basi. Ukitaka kusimulia, simulia kwenye maoni chini yake.

Na ukitaka mazoezi ya kila siku, fanya hivi. Andika posti yako upendavyo, mwaga yote. Kisha jiulize: kama ningepewa mstari mmoja tu, ningeacha upi? Uchukue huo uuweke juu kabisa. Halafu anza kufuta kutoka chini kwenda juu, mpaka ufike mahali ambapo ukifuta tena, mtu atapata hasara. Simama hapo. Mara nyingi utajikuta karibu na zile 140 bila hata kuhesabu.

Na kama umejaribu mara tatu na huwezi kuusema ujumbe wako kwa mistari miwili, usiulaumu mtandao. Inawezekana bado hujaamua unataka kusema nini. Iweke simu mfukoni kwanza, utembee hadi dukani, uamue, kisha urudi uandike. Sisi tuko hapa, tunakusoma.